Umande Ndani ya Barakoa



Nataka tuzungumze kuhusu tone la maji. Kwa mtu anayelala na mashine ya CPAP, inayomsukumia hewa puani kupitia barakoa, tone hilo lina saa zake: mara nyingi huja usiku ukiwa umeshakwenda sana, kwenye saa tisa au saa kumi, chumba kikiwa kimepoa. Kwanza mpira wa hewa huanza kuguguma kama shisha. Kisha hewa iliyokuwa ikiingia puani kwa utulivu huanza kuja kwa kusitasita, kana kwamba inasukuma kitu mbele yake. Mwisho tone baridi hudondoka juu ya mdomo, au huteleza kando ya pua hadi shavuni, na aliyelala anaamka. Anavua barakoa, anaifuta kwa ncha ya shuka, anaivaa tena. Likidondoka la pili anaiweka pembeni na kulala bila hiyo. Asubuhi anasema mashine inatema maji. Usiku unaofuata anazima sehemu ya mashine inayotia hewa unyevu, na kwa siku mbili tatu anaona amepata dawa. Baada ya hapo pua inaanza kuziba, koo linaamka limekauka, na mashine iliyonunuliwa kwa fedha nyingi inahamia juu ya kabati.

Nitakalolitetea leo ni kwamba mtu huyu amelisoma tone vibaya. Amelisikia likisema hewa ina unyevu mwingi mno, na kumbe lilikuwa likisema njia ya hewa ni baridi kuliko hewa inayopita ndani yake. Hayo ni mambo mawili tofauti, na kila moja lina tiba yake. Anayedhani tatizo ni wingi wa unyevu atauondoa unyevu, na pua itamdai. Anayejua kwamba tatizo ni ubaridi wa mpira na chumba ataanza huko, na mara nyingi atabaki na unyevu wake na usingizi wake. Nasema mara nyingi kwa makusudi, maana zipo hali ambamo unyevu wenyewe ndio wa kupunguzwa, na ukanda wetu wa pwani unazo kwa wingi. Nitazifikia.

Ugonjwa unaotibiwa na mashine hii, wa pumzi kukatika usingizini, wengi mnaufahamu kwa dalili yake ya nje, yaani kukoroma kwa kukatikakatika. Misuli ya koo inalegea usingizini, njia ya hewa inajifunga, pumzi inasimama kwa sekunde 10 au zaidi, oksijeni inashuka katika damu, ubongo unashtuka na kumwamsha mtu kiasi cha kumrudishia pumzi tu, kisha yote yanaanza upya. Mwaka 1981 Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, walichapisha katika jarida la The Lancet habari za wagonjwa 5 waliosukumiwa hewa puani mfululizo, na koo zao zikabaki wazi usiku. Hiyo ndiyo CPAP. Mashine za leo za nyumbani hutoa shinikizo la kati ya sentimita 4 na 20 za maji, na kinachotibu ni shinikizo hilo. Unyevu uliongezwa baadaye, kwa sababu pua za watu hazikuweza kuvumilia upepo huo usiku kucha.

Na pua haina ubishi wa bure. Kazi yake ni kuipokea hewa ya aina yoyote, ya baridi ya Makete au ya vumbi la Dodoma, na kuifikisha mapafuni ikiwa na joto la mwili, nyuzi 37 za Selsiasi, na ikiwa imeshiba mvuke: karibu gramu 44 za maji katika kila mita moja ya ujazo ya hewa. Maji hayo yanatoka kwenye utando wa ndani ya pua na koo. Tunapotoa pumzi, hewa inayorudi hupita juu ya utando uliokwisha kupoa, na sehemu ya mvuke wake hurudi kuwa maji pale pale. Kwa hiyo pua hukopesha maji kwa pumzi inayoingia na kulipwa sehemu yake kwa pumzi inayotoka. CPAP inaweza kuuvuruga mkopo huo kwa njia rahisi kabisa: mdomo ukifunguka usingizini, hewa inayosukumwa huingia puani na kutokea mdomoni, mkondo mmoja usiorudi nyuma. Pua inakopesha usiku mzima bila kulipwa. Utando wake unavimba, njia inakuwa nyembamba, mtu anavuta kwa nguvu zaidi kupitia mdomo, na mdomo unazidi kufunguka. Mwaka 1996 kundi la watafiti, Sullivan akiwa mmoja wao, lilichapisha majaribio ya hali hiyo hiyo: uvujaji wa mdomoni uliongeza ukinzani wa pua, hewa iliyopashwa joto na kushibishwa mvuke ikazuia karibu ongezeko lote, na hewa iliyopitishwa tu juu ya maji ya baridi haikusaidia sana. Naomba mlishike hilo la mwisho. Maji peke yake hayatoshi. Joto ndilo linaloiwezesha hewa kuyabeba.

Hapa ndipo tunapoingia katika fizikia ya tone, nayo ni fizikia ambayo kila nyumba ya Tanga au Mombasa inaijua. Weka bilauri ya maji ya barafu mezani, na baada ya dakika chache imetoka jasho kwa nje. Hakuna aliyewahi kudhani kwamba bilauri inavuja. Maji yale yalikuwa hewani. Yamegusa kioo baridi, na hewa iliyopoa imeshindwa kuyashika. Hewa ya nyuzi 10 inashiba kwa gramu 9 na kidogo za mvuke kwa mita ya ujazo. Ya nyuzi 20 inashiba kwa gramu 17. Ya nyuzi 30 inabeba gramu 30. Tazameni namba hizo zinavyopanda: kila nyuzi chache za joto zinafungua nafasi kubwa, na kila nyuzi chache za ubaridi zinaifunga na kuitapisha hewa kilichozidi. Umande wa alfajiri kwenye majani ya mgomba umetokana na sheria hii, na maji ndani ya barakoa yametokana nayo pia.

Tuchukue chumba kimoja cha kulala Dar es Salaam chenye kiyoyozi kilichowekwa nyuzi 20. Kiyoyozi, pamoja na kupoza, hukausha. Maji yanayodondoka nje kupitia kile kibomba cha ukutani yalikuwa mvuke wa chumbani. Tuseme unyevu wa chumba umebaki nusu ya kile ambacho hewa ya nyuzi 20 ingeweza kushika, yaani gramu 8 na nusu hivi kwa mita ya ujazo. Kanuni za kimataifa za vifaa hivi hutaka hewa ifikishwe ikiwa na gramu zisizopungua 12 kwa mtu anayepumua kwa pua yake mwenyewe, na 33 kwa mtu mwenye tundu la kupumulia kooni, ambaye pua yake imerukwa. Kwa hiyo chumba hiki, katikati ya jiji lenye hewa nzito kabisa, ni kikavu mno kwa pua. Mashine inavuta hewa hiyo na kuipitisha juu ya maji ya tangi yaliyopashwa joto, na tuseme inatoka na gramu 22. Hewa hiyo sasa inaingia katika mpira wa karibu mita 2 ulionyooshwa katika chumba cha nyuzi 20, na nyuzi 20 zinaruhusu gramu 17 tu. Gramu kama 5 za kila mita ya ujazo hazina pa kukaa. Mashine ikisukuma lita 30 kwa dakika, kiasi cha kawaida cha hewa inayotokea kwenye vitundu vya barakoa, usiku wa saa 8 unapitisha zaidi ya mita 14 za ujazo. Kama hewa yote ingepoa hadi joto la chumba, maji yaliyobaki njiani yangefika gramu 70 hivi, kahawa ya vikombe viwili vidogo vya baraza. Kwa kweli hewa haipoi yote, na maji huwa pungufu ya hapo, lakini hata kijiko kimoja kikikusanyika mahali pamoja kinatosha kuguguma.

Mtu huyo afanye nini? Akizima unyevu anarudi kwenye gramu 8 na nusu, chini ya kile pua inachohitaji. Akiongeza joto la chumba hadi nyuzi 24, bila kugusa kitu kingine, hewa ya mpirani sasa inaruhusiwa karibu gramu 22, na maji yanaisha. Nyuzi 4 za kiyoyozi zimefanya kazi ambayo kitufe cha unyevu kingeifanya kwa kumwumiza. Hesabu hiyo pia inaeleza kwa nini tone huja usiku wa manane: saa nne usiku, anapovaa barakoa, chumba bado kina joto la mchana kutwa na mpira ni wa vuguvugu, kufikia saa kumi kiyoyozi kimefika kilikoagizwa, na tangi bado linatoa mvuke ule ule wa saa nne.

Kuna chanzo cha pili cha maji ambacho mara nyingi kinasahauliwa, nacho ni pumzi ya mvaaji mwenyewe. Hewa tunayotoa puani ina joto la nyuzi thelathini na kitu na imeshiba mvuke. Inabeba zaidi ya gramu 30 kwa mita ya ujazo. Ikigusa kuta za plastiki za barakoa katika chumba cha baridi, inaacha maji bila kujali tangi limewashwa au limezimwa. Njombe mwezi Juni, au Limuru mwezi Julai, chumba kisicho na kipasha joto kinaweza kushuka hadi nyuzi 15 au chini yake. Hapo mgonjwa atazima unyevu kabisa, atamwaga maji ya tangi, na bado asubuhi atakuta barakoa imelowa kwa ndani. Atasema mashine ni mbovu. Mashine ni nzima. Yanayomlowesha ni maji yake mwenyewe, kama yale yanayofunika kioo cha gari asubuhi ya baridi watu wakiwa ndani. Kwa hiyo nawaomba mtofautishe maji ya mpirani na maji ya barakoani. Ukiinua mpira asubuhi ukaona matone yamejipanga ndani ya mikunjo yake, mvuke wa tangi umepozwa njiani. Mpira ukiwa mkavu na barakoa imelowa, pumzi imepozwa usoni. La kwanza lina tiba nyingi. La pili kimsingi lina moja, nayo ni kuondoa baridi usoni: joto la chumba, feni isiyoelekezwa kitandani, na hewa iletwayo na mpira ikiwa ya vuguvugu zaidi.

Njia ya uhakika kuliko zote ya kuupa mpira joto ni mpira wenye nyaya za joto ndani ya ukuta wake. Unapasha hewa njia nzima, kwa baadhi ya mashine hadi nyuzi 30, hivi kwamba mvuke uliotoka tangini unafika puani bila kukuta mahali pa baridi. Mashine zenye mpira wa namna hiyo mara nyingi zina pia kihisio kinachopima joto na unyevu wa chumba na kujirekebisha usiku kadiri chumba kinavyobadilika. Nani asingetaka? Lakini mpira huo una bei, na si kila mashine inaukubali. Ndipo inapokuja tiba ya bei nafuu ambayo naipenda zaidi kwa sababu iko mikononi mwetu: kuuvisha mpira nguo. Mfuko mrefu mwembamba wa kitambaa kizito, kipande cha blanketi la zamani kilichoshonwa na fundi cherehani wa mtaani, ukavishwa mpira kutoka kwenye mashine hadi karibu na barakoa, unafanya kazi ile ile ya kikapu chenye pamba ndani tunachowekea chupa ya chai. Wengine huupitisha mpira chini ya shuka, karibu na mwili, na joto la mwili linaulinda. Sharti ni moja: nguo isifunike vile vitundu vidogo vya barakoa vinavyotolea pumzi iliyotumika, wala pale mashine inapovutia hewa. Vitundu vile ndivyo vinavyomwokoa mtu asivute tena hewa chafu aliyoitoa, na havichezewi.

Mahali pa mashine napo pana neno. Ikiwekwa juu ya meza ndefu kuliko mto, maji yoyote yatakayotonea mpirani yatafuata mteremko hadi usoni. Ikiwekwa chini ya usawa wa kichwa, juu ya kigoda kwa mfano, maji hayo yatarudi tangini yalikotoka. Sakafuni kabisa sipendekezi, kwa sababu mashine huvuta vumbi la sakafu na chujio huziba mapema. Mpira nao usiachwe ukaning'inia na kufanya tumbo katikati, kwa kuwa tumbo hilo ndilo bwawa, na bwawa ndilo linaloguguma. Na usilazwe juu ya vigae wala mbele ya upepo wa kiyoyozi. Haya ni madogo ya kuyatenda, na ajabu ni kwamba mtu anaweza kuishi na mashine miaka bila kuambiwa hata mojawapo.

Sasa nijibu hoja ninazoziona zikija. Ya kwanza ni ya watu wa pwani, na ina uzito: hewa yetu ina maji tayari, ya nini kuongeza? Chukueni chumba cha Zanzibar kisicho na kiyoyozi, nyuzi 28, unyevu wa asilimia 80. Hewa hiyo ina karibu gramu 22 kwa mita ya ujazo kabla haijagusa mashine, karibu mara mbili ya zile 12. Kwa mtu huyo hoja ni ya kweli kabisa, na namwambia aushushe unyevu hadi mwisho au auzime, aisikilize pua yake, na asimsikilize mtu wa Toronto anayemwambia aongeze. Tangi likipashwa moto katika chumba hicho litaisukuma hewa kupita kiwango cha kushiba kwa nyuzi 28, na hata mpira uliovishwa nguo utalowa. Hiyo ndiyo hali niliyoitaja mwanzo, ambamo kosa ni la unyevu wenyewe. Lakini angalieni kilichobadilika tulipotoka chumba cha feni kwenda chumba cha kiyoyozi katika pwani ile ile: gramu 22 zimekuwa 8 na nusu. Ndugu zetu wa Muscat wanalijua hili vizuri, kwani nje kuna joto la kuunguza na ndani ya nyumba kuna hewa ya mashine miezi mingi ya mwaka. Na Mswahili anayeishi Minnesota, Januari, nyumba ikiwa imepashwa joto na hewa yake imekauka mpaka ngozi inapasuka, anahitaji kiwango kinachokaribia juu kabisa. Hali ya hewa inayohesabika hapa ni ya chumba cha kulala. Mji unatupa dokezo tu.

Hoja ya pili inatoka kwa wenzetu wanaosoma tafiti, na ni ya haki. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2019, yaliyokusanya majaribio ya kuongeza unyevu wa joto kwenye CPAP, yaliona kwamba kwa wastani watu waliongeza matumizi ya mashine kwa chini ya nusu saa kwa usiku. Je, kwa faida ndogo hivyo inafaa kuhangaika na tangi, maji na mpira? Nina majibu mawili. Kwanza, wastani unachanganya mtu ambaye pua yake haikuwa na shida, ambaye unyevu haumwongezei kitu, na mtu aliyekuwa akiamka na pua iliyoziba, ambaye unyevu unamrudisha kwenye tiba. Sisemi kila mtumiaji wa CPAP lazima atumie tangi. Asiyekauka na asitumie, apunguze kazi ya kuosha. Ninamsemea yule aliyekauka, akatumia, akaloweshwa, akaacha. Pili, nusu saa si ndogo kwa mtu aliye mpakani. Bima ya serikali ya Marekani kwa wazee, Medicare, humhesabu mtu kuwa anatumia mashine ipasavyo akifikisha saa 4 kwa usiku, katika asilimia 70 ya usiku wote wa siku 30. Aliyekuwa akiivua saa tatu na nusu baada ya kulala kwa sababu ya tone la maji, nusu saa hiyo kwake ndiyo inayoamua.

Ya tatu ni ya baadhi ya watoa huduma: tukimwachia mgonjwa vitufe ataharibu tiba. Hapa natofautiana nao waziwazi. Shinikizo ni dozi, nalo lipangwe na mtaalamu na liachwe. Unyevu ni starehe ya njia ya hewa, na watengenezaji wenyewe wameuweka kwenye skrini ya mtumiaji, mara nyingi kwa vipimo vichache vya namba, kwa kuwa walijua chumba chake hubadilika na kliniki hailali naye. Kumkabidhi mtu mashine ikiwa kwenye namba ya katikati na kumwambia asiguse ni sawa na kumuuzia feni ya mwendo mmoja. Wanaohitaji uangalizi wapo: mwenye tundu la kooni, niliyekwisha kumtaja, na anayetegemea mashine kubwa ya kupumulia kwa udhaifu wa misuli. Hao wasijirekebishie. Na anayeona maji mpirani pamoja na shinikizo linalopandapanda ovyo amwambie mtaalamu wake, kwa kuwa bwawa la maji linaweza kuvuruga jinsi mashine inavyopima hewa, na mashine inayojipangia shinikizo yenyewe ikapata taarifa za uongo. Lakini mtumiaji wa kawaida wa nyumbani anaweza kupanda au kushuka namba moja, kulala nayo siku mbili tatu, na kuamua. Abadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja. Anayepandisha kiyoyozi, kuvisha mpira na kushusha unyevu usiku ule ule hatajua kilichomponya.

Imebaki hofu ya uchafu. Watu wanasema maji ya vuguvugu ni kitalu cha vijidudu, na afadhali kukauka. Hofu hiyo naiheshimu kuliko zote, na jibu lake ni usafi. Mvuke unaonyanyuka juu ya maji ya tangi hauchukui matone, na kwa hiyo hauchukui kwa urahisi vilivyomo majini. Maji yaliyotuama mpirani na barakoani ni habari nyingine. Kila asubuhi tangi limwagwe, lisuuzwe, liachwe likauke. Mpira na barakoa vioshwe kwa maji na sabuni laini na kutundikwa kivulini. Asiwepo wa kuongezea maji mapya juu ya yale ya jana. Na maji yenyewe yawe yaliyokenekwa, maana yake yaliyofanywa mvuke kisha mvuke ukapozwa ukawa maji tena, sheria ile ile ya bilauri ikitumika kwa faida yetu. Maji ya kisima cha Dar es Salaam yana chumvi, na chumvi haipandi na mvuke; hubaki chini na kufanya gamba jeupe kwenye bamba la joto. Kuyachemsha kunaua vijidudu na kuacha chumvi ilipo. Kuhusu maji ya betri yanayouzwa vituo vya mafuta, nasema wazi: hayakutayarishwa wala kufungwa kwa ajili ya pumzi ya mtu, chupa yake inakaa rafu moja na ya asidi, na kukosea chupa gizani si jambo la kufikirika tu. Nunueni ya duka la dawa. Na mashine isihamishwe na maji yakiwa tangini, hata kutoka kitandani hadi mezani, kwa sababu yakimwagikia upande wa mota hakuna fundi cherehani wa kuokoa hilo.

Umeme ukikatika na mashine ikahamia kwenye betri au sola, mambo hugeuka kidogo. Kupasha maji na mpira hula sehemu kubwa ya umeme wa mashine, na betri inayoweza kuendesha shinikizo usiku mzima inaweza kuishia njiani ikibebeshwa na tangi. Usiku huo zima joto, linda shinikizo. Pua itanung'unika usiku mmoja, na koo litabaki wazi.

Nina ombi kwa wanaozigawa na kuziuza mashine hizi, hospitalini na madukani. Kabla mtu hajaondoka na boksi lake, mwulizeni analala na kiyoyozi au na feni, kimewekwa nyuzi ngapi, na mashine itakaa juu ya nini. Mwonyesheni kitufe cha unyevu kwa kidole chake mwenyewe. Mwambieni kwamba kiwango cha kiangazi huenda kisiwe cha masika, na cha Arusha kisiwe cha Mtwara. Hayo ni maneno ya dakika tano. Na kwako unayeivaa: usiku wa leo ukisikia mpira unaguguma, kabla ya kubonyeza chochote, ushike kwa mkono. Ukiwa baridi, anza na mpira.